CHARLES COULOMB: MHANDISI ALIYEPIMA NGUVU YA UMEME KWA WAYA MWEMBAMBA



Katika jarida hili nimepewa kurasa chache za kueleza maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wengine wangependa nimwandikie jemadari au mfalme. Mimi nimemchagua Charles-Augustin de Coulomb, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1736 na kufariki mwaka 1806, mtu ambaye jina lake huandikwa ubaoni kila mwaka hapa Kigongo, na kila mwaka hufutwa bila wanafunzi kumjua alikuwa nani.

Nimefundisha Fizikia miaka mingi katika shule za upande huu wa ziwa. Nimewaona vijana wakiikariri kanuni ya Coulomb kama watu wanaokariri sala ya lugha ya kigeni: herufi zote zipo mahali pake, lakini maana haipo. Ukimwuliza kijana huyo, chaji mbili za umeme zikisogezwa mpaka umbali uwe nusu ya ule wa kwanza, nguvu kati yake inakuwaje, atakujibu upesi kwamba inakuwa mara mbili. Siyo mara mbili. Ni mara nne. Nami naamini kwamba anayejua jinsi Coulomb alivyoishi, na jinsi alivyoipata kanuni hiyo kwa mikono yake, hawezi kulisahau jibu hilo hata akizeeka.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO

Coulomb alizaliwa tarehe 14 Juni, 1736, katika mji wa Angoulême, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Baadaye jamaa yote ilihamia Paris, na kijana akasoma katika Chuo cha Mazarin, ambako alilipenda somo la hesabu kuliko mengine yote. Mama yake alitaka awe daktari. Kijana alikataa, akashika hesabu, na jambo hilo likaleta ugomvi mkubwa nyumbani. Wakati huohuo baba alikuwa amepoteza mali yake katika biashara za kubahatisha, akarudi kusini kuishi Montpellier. Kijana akamfuata huko, na mwaka 1757 akapokewa katika chama cha wanasayansi cha mji huo, akiwa na umri wa miaka 20 tu.

Lakini hesabu peke yake haikuweza kumlisha mtoto wa mtu aliyefilisika. Hapana budi apate kazi. Alirudi Paris kujiandaa kwa mtihani, na mwezi wa Februari 1760 akaingia katika chuo cha uhandisi wa kijeshi cha Mézières, akahitimu mwaka uliofuata. Tangu hapo, kwa miaka 30, alikuwa afisa wa jeshi anayejenga ngome, kuta na bandari. Vijana wetu walikumbuke jambo hili. Mtu huyu tunayemweka katika kitabu cha umeme alikuwa kwanza mtu wa mawe, udongo na chokaa.

MIAKA MINANE MARTINIQUE

Mwaka 1764 alipelekwa Martinique, kisiwa cha Bahari ya Karibi kilichokuwa koloni la Wafaransa. Waingereza walikuwa wamekiteka mwaka 1762, kisha wakakirudisha kwa mkataba wa amani wa mwaka 1763, na serikali ya Ufaransa haikutaka kuadhirika mara ya pili. Coulomb akapewa kazi ya kujenga ngome kubwa iliyoitwa Fort Bourbon, juu ya kilima. Sisi Waafrika hatuna budi kukumbuka kwamba utajiri uliokuwa ukilindwa na ngome hiyo ulikuwa sukari na kahawa, na kwamba mashamba hayo yalilimwa kwa jasho na damu ya ndugu zetu waliosafirishwa kule kama watumwa. Elimu ya watu wakubwa mara nyingi ilipatikana penye dhuluma, na si vizuri kulificha hilo.

Coulomb alikaa huko hadi mwaka 1772. Homa za nchi ya joto zilimshika mara kwa mara, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Lakini kazi ilimfundisha. Aliona kuta zikisukumwa na udongo ulioko nyuma yake, akajiuliza: udongo unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na ukuta uwe mnene kiasi gani ili usianguke wala usipoteze mawe bure? Vitabu alivyosoma chuoni havikumjibu vizuri. Basi akatafuta jibu mwenyewe, na aliporudi Ufaransa akalisoma mbele ya Akademi ya Sayansi ya Paris mwaka 1773.

Jibu hilo lingali hai. Ninyi mliokuja kwenye mkutano wetu kutoka upande wa Sengerema na Geita mmepita juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni, 2025, ambalo linaanzia hapa Kigongo na kuvuka Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi, karibu kilomita 3. Sisi wa zamani tuliongoja pantoni juani, na mizigo kichwani, tunajua thamani yake. Mhandisi yeyote anayepima uimara wa udongo chini ya nguzo, au wa tuta la barabara linaloliunga daraja na nchi kavu, hutumia mpaka leo kanuni zenye jina la Coulomb ndani yake. Wanafunzi wa uhandisi wanamjua kwa udongo, na wanafunzi wa fizikia wanamjua kwa umeme, na wengi hawajui kwamba ni mtu mmoja.

MSUGUANO, TUZO NA GEREZA

Akademi ilikuwa na desturi ya kutoa swali na kutangaza tuzo kwa atakayelijibu vizuri. Mwaka 1777 swali lilihusu namna bora ya kutengeneza sindano za dira. Coulomb alishinda pamoja na mtu mwingine. Katika kazi hiyo aliitundika sindano kwa uzi mwembamba badala ya kuiegemeza juu ya ncha, ili msuguano usiizuie. Hapo ndipo alipoanza kuchunguza jinsi uzi unavyokataa kusokotwa. Kumbukeni uzi huo, maana tutaurudia.

Baadaye alipelekwa Rochefort, kwenye karakana za kutengeneza meli, akafanya majaribio mengi ya msuguano: mbao juu ya mbao, chuma juu ya shaba, kamba zinazopita kwenye kapi. Kazi hiyo ilimpatia tuzo nyingine mwaka 1781, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Akademi. Akahamia Paris moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Mwaka 1783 alitumwa katika jimbo la Brittany kukagua mipango ya kuchimba mifereji na kutengeneza bandari. Wakubwa walikuwa wameipenda mipango hiyo. Coulomb alipima, akapiga hesabu, akatoa taarifa kwamba gharama zingekuwa kubwa kuliko faida. Taarifa hiyo iliwaudhi wenye nguvu, na mwisho wa mwaka huo akawekwa gerezani mjini Paris kwa muda wa juma moja. Hakubadili hesabu zake. Mambo yalipochunguzwa tena ilionekana kwamba alikuwa amesema kweli. Inasimuliwa kwamba watu wa Brittany walitaka kumpa zawadi kubwa, naye akakubali kitu kimoja tu: saa nzuri yenye mshale wa sekunde, ambayo aliitumia katika majaribio yake ya baadaye.

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu mtu aliyepelekwa gerezani kwa ajili ya vipimo vyake ndiye huyohuyo aliyekwenda kupima umeme muda mfupi baadaye.

MIZANI YA MSOKOTO

Wakati huo watu walijua tayari kwamba umeme ni wa aina mbili, kwamba chaji za aina moja hufukuzana na za aina mbalimbali huvutana. Walijua pia kwamba nguvu hiyo hupungua vitu vikitengana. Lakini inapungua kwa kadiri gani? Newton alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1687 kwamba nguvu ya uvutano kati ya jua na sayari hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo, umbali ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Joseph Priestley wa Uingereza alikisia mwaka 1767 kwamba umeme nao unafuata njia hiyohiyo. Mwingereza mwingine, Henry Cavendish, alithibitisha kwa jaribio zuri sana katika miaka ya 1770, lakini aliyaweka maandishi yake sandukuni, na hayakuchapishwa mpaka mwaka 1879. Elimu iliyofichwa sandukuni haimfai mtu. Ndiyo maana kanuni ina jina la Coulomb.

Shida ilikuwa kupima. Nguvu kati ya vitu vidogo vyenye chaji ni ndogo mno. Mizani ya dukani haiwezi kuihisi. Coulomb akaukumbuka uzi wake. Mwaka 1784 alitoa taarifa juu ya msokoto wa nyaya, akionyesha kwamba waya mwembamba ukisokotwa hukataa, na ukataaji wake hulingana na pembe ya msokoto. Ukiusokota nyuzi 10 unakataa kwa kiasi fulani. Ukiusokota nyuzi 20 unakataa mara mbili ya kiasi hicho. Basi waya umekuwa mizani, na nyuzi za msokoto zimekuwa mawe ya kupimia.

Mwaka 1785 akaileta mizani yenyewe mbele ya Akademi. Nitaieleza polepole ili hata asiyesoma fizikia aione. Chukua chombo cha kioo cha duara, kipana na kirefu kiasi cha sentimeta 32, chenye kifuniko. Katikati ya kifuniko pasimamishe bomba la kioo, na kutoka juu ya bomba uteremshe waya wa madini ya fedha, mwembamba kama unywele, urefu wake kama sentimeta 76. Mwisho wa waya, ndani ya chombo, funga kijiti chepesi kilichopakwa lakiri, kikae kwa ulalo. Ncha moja ya kijiti ina kitufe kidogo kilichochongwa kwa kiini laini cha mti, mfano wa kile kiini cheupe ndani ya bua la mahindi. Ncha ya pili ina kipande cha karatasi cha kusawazisha. Kando ya kitufe hicho weka kitufe cha pili kilichofungwa imara, kisichotembea. Ukuta wa chombo umeandikwa nyuzi za duara, na juu ya bomba kuna kishikio cha kuuzungusha waya, nacho kina nyuzi zake. Chombo kimefunikwa ili hata pumzi ya mtu isikisukume kijiti.

Vitufe viwili vinagusana. Coulomb anaingiza kichwa cha pini yenye chaji, anavigusa, kisha anaitoa pini. Sasa vyote viwili vina chaji ya aina moja, basi vinafukuzana. Kitufe cha kijiti kinakimbia, waya unasokoteka, na mwisho kinatulia pale ambapo nguvu ya kufukuzana na ukataaji wa waya zinalingana. Anasoma: nyuzi 36.

Sasa anazungusha kishikio cha juu kuelekea upande wa kukirudisha kitufe karibu na mwenzake. Anazungusha nyuzi 126. Kitufe kinasogea, kinatulia kwenye nyuzi 18, yaani nusu ya umbali wa kwanza. Waya umesokotwa nyuzi 126 kutoka juu na nyuzi 18 kutoka chini, jumla nyuzi 144. Vijana, gawanyeni 144 kwa 36. Mnapata 4. Umbali umekuwa nusu, nguvu imekuwa mara nne.

Anazungusha tena mpaka juu pasomeke nyuzi 567. Kitufe sasa kinatulia kwenye nyuzi 8 na nusu, karibu nusu ya 18. Jumla ya msokoto ni nyuzi 575 na nusu. Na 144 mara 4 ni 576. Hesabu imekubali tena.

Hivyo tu. Vipimo vitatu, waya mmoja, vitufe viwili. Mtu anaweza kusema vipimo vitatu ni vichache, na kweli wapo waliosema hivyo. Watafiti wa zama zetu waliotengeneza upya mizani kama ile waliona jinsi ilivyo ngumu kuituliza. Wengine walishindwa kupata namba zake, na wengine, baada ya uvumilivu mwingi, walizipata. Lakini kanuni yenyewe imepimwa tena kwa vyombo vikali kupita kiasi. Jaribio lililofanywa Marekani mwaka 1971 lilionyesha kwamba kama kipeo kile si 2 kamili, basi tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya milioni ya milioni.

SAA NA CHAJI ZINAZOVUTANA

Coulomb hakuishia hapo. Chaji za aina mbili tofauti huvutana, na mizani ya msokoto huleta taabu kwazo, kwa kuwa vitufe vikikaribiana sana hurukiana na kugandana. Basi akabadili njia. Alitundika kijiti chepesi kwa uzi wa hariri, akakiweka mbele ya tufe kubwa lenye chaji, akakiacha kiyumbeyumbe. Mvuto ukiwa mkubwa kijiti huyumba haraka. Ukiwa mdogo huyumba polepole. Ikiwa nguvu inafuata kipeo cha pili, basi umbali ukiwa mara mbili, muda wa kuyumba nao uwe mara mbili. Hapa kazi ni ya saa.

Alihesabu myumbo 15. Katika umbali wa inchi 9 za Kifaransa ilichukua sekunde 20. Katika inchi 18 ilichukua sekunde 41. Katika inchi 24 ilichukua sekunde 60. Kwa kanuni, ya pili ingekuwa 40, na ya tatu kama 53. Mwanafunzi mwoga angeifuta ile 60 na kuandika 53. Coulomb aliiacha kama ilivyo, akaeleza kwamba jaribio lilichukua dakika kadhaa, na katika muda huo chaji ilikuwa ikivuja kidogo kidogo. Alipoukadiria uvujaji huo na kuuondoa katika hesabu, tofauti ilipungua sana. Kisha akafanya uchunguzi mzima juu ya uvujaji wenyewe, akaona kwamba unyevu wa hewa ni adui mkubwa wa majaribio haya.

Jambo hili sisi wa ukanda wa ziwa tunalijua vizuri. Wakati wa masika, sugua rula ya plastiki kwenye nywele mpaka uchoke, haitaokota hata kipande kimoja cha karatasi. Jaribu mwezi wa Julai, mchana, hewa ikiwa kavu, na vipande vitairukia kama kumbikumbi kwenye taa. Rula ni ileile na nywele ni zilezile. Hewa ndiyo iliyobadilika.

MAGUNIA KATI YA KIGONGO NA BUSISI

Sasa niieleze kanuni kwa mfano wa nyumbani. Chaji hupimwa kwa kipimo kiitwacho coulomb, jina alilopewa kwa heshima katika mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881. Tuseme tumeweka chaji ya coulomb 1 mwanzo wa daraja hapa Kigongo, na nyingine ya aina hiyohiyo mwisho wa daraja huko Busisi, kilomita 3 mbali. Zitafukuzana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100 hivi, yaani gunia moja la mahindi.

Msogeze mwenye chaji ya Busisi mpaka katikati ya daraja, kilomita 1 na nusu kutoka Kigongo. Magunia yanakuwa 4. Aje mpaka kilomita 1: umbali umekuwa theluthi, magunia 9. Aje mpaka mita 300: umbali umekuwa sehemu ya kumi, magunia 100. Na kama wangeweza kufika mpaka mita 1 baina yao, nguvu ingepita uzito wa tani laki 9. Huu ni mfano wa kufikirika, maana hakuna kitufe kinachoweza kubeba chaji ya coulomb nzima; hewa ingepasuka kwa cheche kabla ya hapo. Lakini hesabu yake ni ya kweli.

Mtu atauliza, ikiwa nguvu ni kubwa hivyo, mbona meza na viti havirukiani? Ni kwa sababu kila kitu kina chaji chanya na chaji hasi kwa kiasi sawa, na mvuto wa moja hufutwa na msukumo wa nyingine. Tunauona umeme huo pale tu usawa unapovurugika kidogo: kwenye rula, kwenye fulana ya nailoni unayoivua usiku, na kwa ukali wa kutisha, kwenye mawingu. Ziwa letu ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, hasa usiku na alfajiri, kama wavuvi wetu wanavyojua. Radi moja huweza kuteremsha coulomb kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Linganisheni na magunia yetu, mtaelewa kwa nini busara ni kutoka majini mapema.

Na kwa nini kipeo cha pili, isiwe cha kwanza au cha tatu? Fikirini karabai juu ya mtumbwi wa dagaa. Mwanga wake unaenea pande zote. Ukiwa hatua 10 mbali, mwanga ule umetandazwa juu ya eneo fulani. Ukiwa hatua 20, mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo mara nne, maana eneo limepanuka kwa upana na kwa urefu pia. Kwa hiyo jicho lako linapata robo. Nguvu ya umeme itokayo kwenye chaji ndogo hutawanyika kwa mfano huo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Kati ya mwaka 1785 na 1791 Coulomb alitoa taarifa saba juu ya umeme na sumaku. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1791 aliacha jeshi. Mwaka 1793 Akademi ilifungwa, na mwisho wa mwaka huo yeye na wenzake kadhaa wakaondolewa katika tume ya vipimo iliyokuwa ikitengeneza mita na kilo tunazotumia sasa. Alihamia shamba karibu na mji wa Blois pamoja na rafiki yake Borda, mwanasayansi mwenzake, wakakaa kimya mpaka hatari ilipopita. Wenzake wengine hawakuwa na bahati hiyo. Lavoisier, mwanakemia mkubwa, alikatwa kichwa mwaka 1794.

Mwaka 1795 alirudi Paris, akachaguliwa katika Taasisi mpya ya Sayansi. Mwaka 1802 alifunga ndoa rasmi na Louise Françoise, mama wa wanawe wawili wa kiume. Tangu mwaka huohuo mpaka kufa kwake alikuwa mkaguzi mkuu wa elimu, akisaidia kusimamisha shule za sekondari nchini Ufaransa. Alifariki Paris tarehe 23 Agosti, 1806, akiwa na miaka 70. Jina lake limo kati ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

NENO KWA VIJANA NA KWA WENZANGU

Vijana, Coulomb hakuwa na mtambo wa thamani. Alikuwa na waya, uzi, lakiri, kioo na saa. Kilichokuwa adimu ni ile tabia ya kuupima waya kwanza kabla ya kuutumia kupimia kingine, na ya kuandika 60 pale saa iliposema 60. Mezani pa maabara kuna kishawishi cha kuandika jibu la kitabu badala ya jibu la chombo. Anayekubali kishawishi hicho akiwa kidato cha pili, kesho atakuwa mhandisi anayesaini daraja ambalo hakulipima.

Nanyi wanachama wenzangu, mizani ya namna hii inaweza kutengenezwa hapa shuleni. Seremala wetu anaweza kutengeneza fremu, fundi vioo wa mjini Mwanza anaweza kukata vioo, kiini cha mabua ya mahindi kipo mashambani bure, na waya mwembamba unapatikana ndani ya mota iliyokufa. Napendekeza michango ya mkutano wa mwaka huu itenge fungu dogo kwa ajili hiyo, na kazi ifanywe kati ya Juni na Agosti, hewa ikiwa kavu. Wakipata vipimo vitatu, na viandikwe katika jarida letu lijalo kama vilivyo, hata kama havikubaliani na kitabu.